Maziwa ya Mzazi

Mama yake Elisifa alikuwa ameshavuka mfongo, ule mfereji wa maji uliochimbwa na wazee, gunia tupu kichwani na mundu mkononi, na bado alikuwa anatoa maagizo. Akina mama wa mlimani ndivyo wanavyosafiri. Mwili uko njiani, sauti imebaki jikoni.

"Elisifaa!"

"Abee mama!"

"Malkia mpe majani ya mgomba asubuhi, nyasi jioni! Na maziwa yake mwaga! Umesikia? Mwaga shimoni mpaka nirudi!"

"Ndiyo mama!"

"Na bibi yako asibebe maji! Mgongo wake huo!"

Halafu ukungu ukamfunika, zikabaki hatua zake tu, halafu hata hizo zikaisha.

Alikuwa anateremka Chekereni, kule tambarare, ambako familia ilikuwa na kipande cha shamba la mahindi. Huku juu kuna migomba na kahawa, lakini nyasi hazitoshi, na ng'ombe wa huku hawatoki kwenda kuchunga. Huzaliwa bandani, hula bandani, huzeekea bandani. Kwa hiyo kila baada ya mavuno watu huenda kukata mabua kule chini na kuyapandisha kwa gari. Mama asingerudi mpaka mabua yafungwe na gari lipatikane.

Elisifa alikuwa darasa la sita. Baba yake alifanya kazi Dar es Salaam na kurudi Desemba, kama Wachagga wengine wote. Nyumbani alibaki yeye na Bibi Aikande, mama mzaa baba. Na Davis.

Davis, mdogo wake, alikuwa nyuma ya banda la ng'ombe. Huko mlimani watu huzikwa nyumbani, kihambani, katikati ya migomba yao wenyewe. Msalaba wa Davis ulikuwa mdogo, wa saruji, na mgomba uliokuwa karibu ulikuwa umeanza kuuinamia. Alikuwa na miaka mitano. Mwaka uliopita, baada ya masika, alianza kukohoa. Akapata nafuu, akakohoa tena, akapelekwa zahanati, akapelekwa hospitali mjini. Dawa ya kwanza haikumsaidia. Ya pili haikumsaidia. Alirudishwa nyumbani amefunikwa shuka.

Tangu hapo Elisifa alikuwa akimsikia. Si kila siku. Ilikuwa wakati wa ukungu, anapokata majani karibu na ule msalaba. Kikohozi kifupi, kikavu, kama cha mtu anayesubiri umuulize jambo. Akigeuka, ni majani ya migomba tu yanadondosha maji.

Hakumwambia mtu.

Sasa, kuhusu maziwa. Malkia, ng'ombe wao, alikuwa na ugonjwa wa kiwele. Chuchu moja ilivimba ikawa ngumu kama kiazi, na maziwa yakatoka na mabonge. Mama hakumwita daktari wa mifugo. Alifanya wanavyofanya wengi: alikwenda duka la dawa za mifugo mjini Moshi, akaeleza, akauziwa vibomba vya dawa ya kusukumia ndani ya chuchu. Alisukumia zote nne, ile mbovu na zile nzima, "ili ugonjwa usihamie." Kituo cha maziwa hawapokei maziwa yenye dawa, wanayapima. Ndiyo maana akasema yamwagwe.

Elisifa alikamua jioni ile, akabeba ndoo kuelekea shimoni. Bibi Aikande alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

"Unakwenda wapi na maziwa?"

"Shimoni, bibi. Mama amesema yamwagwe."

"Yamwagwe!" Bibi alishika kichwa. "Ee Ruwa, Mungu wangu! Katika nyumba hii maziwa yamwagwe, na mzazi yuko hapo ng'ambo ya ua?"

Mzazi huyo alikuwa Brenda, mke wa Martin, baba mdogo wake Elisifa. Alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza siku chache zilizopita. Martin alikuwa amepanda mlima na wageni, kazi yake ni kuwabebea mizigo. Na kwa Wachagga mzazi halali njaa. Hafagii, hachoti maji, hakai peke yake. Analetewa mtori, analetewa samli, na nyumba yoyote ya ukoo yenye ng'ombe anayekamuliwa hupeleka maziwa kwake kwanza. Mzazi akikosa maziwa, aibu ni ya ukoo mzima.

"Lakini bibi, kwenye boksi wameandika." Elisifa aliweka ndoo chini, akalitoa boksi mfukoni na kusoma. "Dawa hii ina penisilini. Maziwa yasitumiwe na binadamu mpaka..."

"Hiyo wamewaandikia wanaouza. Sisi tunauza?"

"Hatuuzi."

"Basi. Sisi tunampa mzazi. Chuchu mbovu mwaga. Hizo nyingine zinatoa maziwa meupe, mazuri, yachemshe. Ugonjwa gani unavumilia moto?"

Elisifa alijua kwamba moto unaua vijidudu. Walifundishwa shuleni. Kama unaua pia dawa, hilo hawakufundishwa. Akayachemsha.

Brenda alikunywa kikombe chote bila kupumua, akajifuta mdomo na kucheka. "Elisifa mwanangu, mtanifanya ninenepe mpaka Martin akirudi asinijue."

"Atakujua, mama mdogo. Atamjua mtoto kwanza."

"Huyu? Huyu ana pua ya kina Martin. Hawezi kupotea."

Kulikuwa na jambo jingine. Wiki chache kabla, afisa mifugo aliyeitwa Flavia alikuwa amepita kijijini na buti zake za mvua. Alisema wizara inataka kujua nchi nzima inatumia dawa gani kwa mifugo, na kiasi gani. Kila nyumba iliyochaguliwa ilipewa ndoo ya njano yenye mfuniko. Kila chupa ikiisha, kila pakiti, kila kibomba, weka humo. "Hatukamati mtu," alisema. "Tunataka kujua tu." Nyumba ya kina Elisifa ilichaguliwa.

Goodness, rafiki yake wa dawati moja, hakuchoka kumtania. "Haya, nyie mmepewa sanduku la kura la ng'ombe! Malkia ameshapiga?"

"Wewe nyamaza."

"Nauliza tu. Anagombea na nani?"

Darasa likacheka. Elisifa naye alicheka, lakini si sana. Ndoo ile ilikuwa tupu. Bibi Aikande alikuwa amekataa kitu chochote kiingie humo. Chupa tupu zote alizipandisha darini, juu ya moto wa jiko, akazisukuma nyuma ya vibuyu. "Serikali ikikuhesabia chupa leo," alisema, "kesho inakuuliza ya nani, na ya lini." Aliposema ya lini sauti yake ilikwama kidogo, akajifanya anapuliza moto.

Kesho yake baada ya kikombe kile cha kwanza, Brenda alikuwa anajikuna. Vipele vyekundu shingoni na tumboni. Mwili ulikuwa na joto, na titi moja lilikuwa limevimba, linauma.

"Joto la uzazi," alisema Bibi Aikande. "Na maziwa yamejaa. Anywe, anyonyeshe, yatashuka."

Elisifa aliviangalia vile vipele. "Bibi, je, kama ni yale maziwa..."

"Maziwa yalishamdhuru nani? Wewe umekulia maziwa gani, ya chupa?"

Kikombe kikajazwa tena. Mchukuzi alikuwa Elisifa mwenyewe.

Jioni alikwenda kukata majani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa la banda, na mfongo ulisikika kama watu wanaonong'ona chumba cha pili. Akainama na mundu. Kikohozi kikaja. Kifupi. Kikavu. Karibu kuliko siku zote.

"Davis," alisema polepole, "nini?"

Halafu akakumbuka, ingawa hakuwahi kusahau. Alimwona Bibi mwaka ule, siku baada ya siku, akikoroga unga wa njano kwenye uji wa Davis. Ulikuwa unga wa dawa ya kuku, uliobaki kuku walipougua. Kuku walipona, kwa hiyo Bibi aliona dawa ni dawa. Akampa kidogo leo, kidogo kesho, kikohozi kikipungua anaacha, kikirudi anampa tena. Na zahanati, daktari alipouliza kama mtoto amepewa dawa yoyote nyumbani, Bibi alijibu, "Hapana. Hakuna dawa." Elisifa alikuwa amekaa kwenye benchi, ameshika kofia ya Davis. Hakuna aliyemwuliza yeye. Naye hakusema.

Alibeba majani akakimbia mpaka jikoni, nusu yakamwagika njiani.

Siku iliyofuata alirudi kutoka shule akakuta kilio cha mtoto mchanga kinatoka ng'ambo ya ua, na hakuna anayembembeleza. Aliingia. Brenda alikuwa ameketi kitandani, midomo imevimba, macho yamekuwa mistari miwili. Kifua kilipiga mluzi kila alipovuta pumzi. Kando yake kikombe kitupu cha mchana, alicholetewa na Bibi. Bibi Aikande alikuwa amepiga magoti, anamsugua mgongo, anasali kwa Kichagga.

"Mwite Jesse!" alisema Bibi. "Mwite na pikipiki yake!"

Jesse aliishi karibu na kanisa. Alikuja na bodaboda yake akiwa hata hajavaa viatu. Walimweka Brenda katikati, Bibi nyuma akimshikilia, wazee na wagonjwa huku mlimani hubebwa hivyo. Elisifa alimfunga mtoto mgongoni na kuwafuata kwa miguu, akiteremka mbio kwenye matope. Njia nzima alisikia kikohozi nyuma yake. Hakugeuka.

Alipofika zahanati, Brenda alikuwa amelazwa, na Daktari Rogath alikuwa anamsikiliza kifua. Muuguzi Doris alisimama karibu na trei ya sindano.

"Ana homa na titi lina maambukizi," alisema daktari. "Uvimbe huu unanitatiza. Amekula nini? Ameumwa na nyuki?"

"Hapana," alisema Bibi.

"Amewahi kudhurika na dawa?"

"Hajawahi kusema."

"Na sasa hivi, nyumbani, amepewa dawa yoyote?"

Bibi Aikande alitazama sakafu. "Hapana. Hakuna dawa."

Yalikuwa maneno yale yale, na sauti ile ile, na benchi lilikuwa lile lile. Muuguzi Doris alikuwa ameshajaza bomba la sindano kwa ajili ya maambukizi ya titi, anaondoa hewa, tone moja limeng'aa kwenye ncha.

"Msimchome!" alisema Elisifa.

Wote waligeuka. Mtoto mgongoni aliacha kulia kana kwamba naye anasikiliza.

"Elisifa!" Bibi alimwangalia kwa macho ambayo huko kwao mtoto akitazamwa nayo hunyamaza. "Hapa wanaongea wakubwa."

"Shikamoo daktari," alisema Elisifa, maana alikuwa amesahau kusalimia. "Amekunywa dawa. Ya ng'ombe. Iko kwenye maziwa. Malkia anaumwa kiwele, mama alimwekea dawa chuchu zote, akasema maziwa tumwage. Hatukumwaga. Nilimletea mama mdogo kila siku. Mimi ndiye niliyemletea. Vipele vilianza akishakunywa."

"Dawa gani? Unalijua jina?"

"Penisilini. Iliandikwa kwenye boksi. Niliisoma."

Daktari Rogath alimshika Doris mkono. "Weka hiyo chini. Ni ya ukoo huo huo. Lete adrenalini. Haraka."

Ikachomwa sindano nyingine, pajani. Mluzi kifuani kwa Brenda uliendelea, ukaendelea, halafu ukaanza kushuka, kama birika lililoondolewa motoni. Jesse, aliyekuwa dirishani, alivua kofia.

"Angechomwa ile ya kwanza," alisema daktari, "katika hali aliyokuwa nayo..." Alimgeukia Bibi. "Mama yangu, kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua kama maziwa ni dawa," alisema Bibi. Na hiyo ilikuwa kweli. Lakini baadaye kidogo, alipokwisha kuketi kwenye benchi, aliinua kichwa. Uso wake ulikuwa umezeeka tangu asubuhi. "Hilo sikujua. Lakini lile la Davis nilijua."

"Davis yupi?"

"Mjukuu wangu. Wa mwaka jana, wa kikohozi. Uliniuliza hapa hapa. Nilimpa dawa ya kuku, kidogo kidogo, muda mrefu, nikakuambia sikumpa kitu. Niliogopa mtasema nimemuua. Je, nilimuua?"

Daktari Rogath alikaa karibu naye.

"Bibi, siwezi kukuambia kwamba ndiyo iliyomuua. Siwezi pia kukuambia kwamba siyo. Dawa ikitolewa kidogo kidogo, vijidudu huizoea, na tukija na dawa za ukoo wake hazina nguvu tena. Huenda ilikuwa hivyo. Huenda haikuwa. Ningejua siku ile, ningeanza na dawa nyingine. Zaidi ya hapo sijui, na sasa hakuna atakayejua."

Bibi Aikande alijifunika uso kwa kanga. Hakulia kwa sauti. Elisifa alikwenda akaketi kando yake, mtoto bado yuko mgongoni, na Bibi akampapasa goti bila kumtazama.

"Nawe ulijua," alisema Bibi.

"Niliona, bibi."

"Ukabeba peke yako."

"Ndiyo, bibi."

Mama alirudi kutoka Chekereni juu ya lori la mabua, akasikia habari kabla hajashuka. Alimgombeza Bibi, kisha akajigombeza mwenyewe, kwa sababu hakumweleza mtu kwa nini maziwa yamwagwe, wala hakumwita daktari wa mifugo. Halafu alipika, kwa kuwa watu wote walikuwa hawajala.

Flavia alipopita kukagua ndoo, aliikuta tupu. Akarudisha mfuniko. Bibi Aikande ndiye aliyesema. "Elisifa, panda darini."

Chupa zilishuka zimejaa masizi. Vibomba vya Malkia, chupa za dawa ya minyoo ya mbuzi, na mwisho, pakiti za dawa ya kuku, za njano, zimekunjwa vizuri. Bibi alizitia hizo kwenye ndoo kwa mkono wake, pakiti moja baada ya nyingine.

"Hizi si za mwaka huu," alisema. "Na hawakupewa kuku peke yao. Andika hivyo."

"Nitaandika," alisema Flavia.

"Utanipeleka wapi?"

"Sikupeleki popote, bibi." Flavia alivuta kigoda akaketi, akamwita Elisifa na mama yake wakae pia. "Sikilizeni. Daktari zahanati alikuwa na mgonjwa mmoja mbele yake, na kwa sababu aliambiwa hakuna dawa, alikaribia kumdhuru. Sasa fikirini nchi. Ina watu wangapi, ng'ombe wangapi, kuku wangapi! Kila nyumba inatumia dawa, na kila nyumba ikiulizwa inasema hakuna. Tutatibu nini, hatujui tulichokunywa? Ndoo hii si ya kumshtaki mtu. Ni swali lile lile la daktari, linaulizwa nchi nzima. Dawa ya mnyama mpe mnyama tu, kwa ushauri wa daktari wake, na mmalize dozi. Maziwa yaliyokatazwa ni ya shimoni, hata kama mzazi yuko mlangoni. Kumpenda mtu ni kumpa kilicho salama. Na mkiulizwa, semeni. Mtoto akiwa ndiye anayejua, basi mtoto aseme."

"Hata wakubwa wakimkazia macho?" aliuliza Elisifa.

Flavia alimtazama Bibi. Bibi aliitikia kwa kichwa, kwa uchovu. "Hata wakimkazia macho," alisema Bibi mwenyewe.

Brenda alipona. Kila anapokwenda kutibiwa husema kwanza dawa asiyoweza kuitumia, kabla hajaulizwa. Mtoto wake anaitwa Kindness, anatembea. Martin bado anabeba mizigo mlimani. Malkia alitibiwa na daktari wa mifugo, lakini ile chuchu ilikufa; anakamuliwa tatu. Jesse alihamia Mkuu, Rombo, anaendesha pikipiki huko. Goodness alihamia Soweto, mtaa wa Moshi mjini, kwa shangazi yake. Flavia bado anazunguka na buti zake. Daktari Rogath alihamishwa. Elisifa yuko kidato cha kwanza, na hukata majani kila jioni. Bibi Aikande aliugua mwaka uliofuata. Daktari mpya alipomuuliza ametumia dawa gani nyumbani, alizitaja zote, pamoja na majani aliyochemsha na vidonge alivyopewa na jirani, akamwomba Elisifa aongeze kama amesahau. Hakuwa amesahau. Alifariki Alhamisi, akazikwa Jumamosi.